Tovuti inayojipanga kulingana na skrini: maana yake na inavyofanya kazi

Mtu akisema tovuti fulani "inakubali kwenye simu", ana maana kwamba anaifungua, anasoma bila kukuza maandishi kwa vidole viwili, anabonyeza anachotaka na kumaliza shida yake. Nyuma ya urahisi huo kuna utaratibu mmoja wa kutengeneza tovuti: ukurasa uleule, wenye anwani ileile na kodi ileile (maandishi ya kompyuta yanayoujenga), unajipanga wenyewe kulingana na nafasi uliyoikuta. Kwenye kompyuta ya mezani unakaa safu tatu, kwenye tableti mbili, kwenye simu moja. Hakuna tovuti ya simu na tovuti ya kompyuta. Tovuti ni moja.

Utaratibu wa zamani ulikuwa suti, huu ni kanga. Suti hukatwa kwa kipimo cha mtu mmoja, na akinenepa haifungi. Kanga haikupimwa kwa mtu yeyote. Mwili wa mvaaji ndio unaoamua izunguke mpaka wapi.

Ajabu ni kwamba wavuti ilizaliwa hivyo. Ukurasa wa kwanza kabisa, alioutengeneza mvumbuzi wa wavuti, Tim Berners-Lee, akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, ulitoka mwaka 1991 ukiwa na maandishi na viungo tu. Ukiufungua leo kwenye kompyuta na kubana dirisha la kivinjari, maneno yanashuka mstari wa chini yenyewe na hakuna kinachokatika. Waliouondoa ulaini huo ni wabunifu. Wengi walikuwa wamezoea karatasi, ambako kila kitu hukaa pale kilipobandikwa, wakaanza kuufunga upana wa ukurasa kwa pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha ya skrini: karibu 760 wakati wa skrini za 800 kwa 600, kisha 960 zilipoenea skrini za 1024 kwa 768. Kwa kuwa karibu kila msomaji alikuwa mbele ya kompyuta ya namna hiyo, hakuna aliyelalamika sana.

Halafu ikaja iPhone mwaka 2007, upana wa skrini yake pikseli 320. Kurasa za 960 zingeonekana theluthi tu. Apple wakatumia ujanja: kivinjari kikajifanya kina upana wa pikseli 980, kikauchora ukurasa mzima kana kwamba kiko kwenye kompyuta, kisha kikaupunguza mpaka ukaenea. Vivinjari vya simu nyingine vikaiga, na tabia hiyo ipo mpaka leo. Ndiyo sababu tovuti ya zamani ukiifungua kwenye simu unaiona yote, lakini husomi kitu.

Kuna mstari mmoja wa kodi unaokiambia kivinjari kiache kujifanya. Huwekwa kwenye kichwa cha ukurasa, sehemu ya kodi ambayo msomaji haioni, katika lebo ya meta inayoitwa viewport, na maneno yake ni width=device-width, initial-scale=1. Maana yake ni kwamba upana wa ukurasa uwe upana wa kifaa chenyewe. Mstari huu ukisahaulika, ujuzi wako wote wa CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa, hausaidii: kila ukiuliza nafasi iliyopo, simu itakujibu 980. Unapoona tovuti iliyogharimu fedha nyingi inaonekana kama punje kwenye simu, kagua hapo kwanza.

Kabla ya utaratibu huu kukubalika, dawa ya wengi ilikuwa kujenga tovuti mbili, ya simu ikiwa na anwani inayoanza na herufi m. Seva ilipeleleza kifaa ni cha aina gani kisha ikamtupa msomaji huku au kule. Kazi ikawa mara mbili. Bei ikirekebishwa kwenye tovuti kubwa, kwenye ndogo inabaki ya mwaka jana. Ukitumiwa kiungo na mtu aliye kwenye simu, ukakifungua kwenye kompyuta, unakuta maandishi ya simu yaliyotandazwa skrini nzima. Na kila simu mpya ilipoingia sokoni, orodha ya kupelelezea ilibidi iongezwe.

Tarehe 25 Mei 2010 mbunifu Mmarekani Ethan Marcotte alichapisha makala katika jarida la mtandaoni A List Apart akionyesha njia nyingine. Hakuvumbua kifaa kipya. Alichukua vitu vitatu vilivyokuwapo akaviunganisha, na mwaka uliofuata gazeti la Boston Globe likazindua tovuti yake mpya kwa njia hiyo, naye akiwa miongoni mwa walioijenga.

Cha kwanza ni kupima kwa asilimia badala ya pikseli. Safu ya pembeni iliyokuwa na pikseli 300 katika ukurasa wa 960 inakuwa asilimia 31.25, basi ukurasa ukipungua nayo inapungua. Cha pili ni picha kukatazwa kuzidi chombo kilichozibeba, kwa amri fupi ya CSS: max-width: 100%. Cha tatu, kilicho kiini cha yote, ni masharti. CSS inaruhusiwa kusema: nafasi ikifika pikseli 700, panga safu mbili, isipofika, acha moja. Leo kuna zana za kupanga zilizo nyepesi zaidi, flexbox na grid, na tangu mwaka 2023 vivinjari vyote vikubwa vinakuruhusu kuuliza hata upana wa kijisanduku kimoja ndani ya ukurasa badala ya skrini nzima. Msingi haujabadilika: ukurasa unauliza "nina nafasi kiasi gani?" wala hauulizi "hii ni simu gani?"

Hapo ndipo wanaoanza hujikwaa. Wanatafuta orodha ya vipimo vya simu maarufu na kuweka sharti kwa kila moja. Njia bora ni kubana dirisha taratibu na kutazama. Pale maandishi yanapoanza kubanana au menyu kuvunjika, weka sharti hapo. Pikseli inayotajwa kwenye masharti pia si nukta halisi ya kioo. Simu yenye nukta 1080 kwa upana inaweza kuuambia ukurasa kwamba ina pikseli 360, kwa sababu kila pikseli ya CSS inachorwa na nukta tatu kwa upana.

Tuanzie wapi, kwenye simu au kwenye kompyuta? Mbunifu Luke Wroblewski alikuwa akihimiza tangu mwaka 2009 kwamba tuanze na simu, nami nakubaliana naye kwa sababu moja: nafasi ndogo inakulazimisha kuamua kilicho muhimu. Anayeanza na skrini kubwa hujaza kila kona, kisha akifika kwenye simu anaanza kuficha. Kuficha ni uvivu. Mtu mwenye simu anataka ada, ratiba na namba ya ofisi sawasawa na mwenye kompyuta, na kwa wasomaji wengi wa Kiswahili simu ndiyo kompyuta pekee waliyo nayo. Google nao huisoma tovuti kwa jicho la simu kwanza wanapoiweka kwenye orodha yao. Kilichofichwa kwa kuondolewa kwenye toleo la simu, kwao hakipo.

Kuenea kwenye skrini ni nusu ya kazi. Kidole si kishale cha mausi. Menyu inayofunguka kwa kupitishiwa kishale juu yake haina maana kwenye kioo cha kugusa. Vitufe viwili vilivyogusana vinamfanya mtu abonyeze "Futa" akitaka "Hifadhi". Apple wanashauri eneo la kugusa lisipungue pointi 44 kila upande. Sehemu ya kuandika namba ya simu ifungue kibodi ya tarakimu, jambo linalofanywa kwa neno moja tu, type="tel", lakini fomu nyingi bado zinamfungulia mtu herufi. Majedwali ndiyo magumu kuliko yote. Jedwali la matokeo lenye safu kumi haliwezi kujikunja kama aya. Ama uliache liteleze pembeni ndani ya kisanduku chake, ama ugeuze kila mstari uwe kadi yenye jina juu na alama chini.

Na uzito. Amri ya max-width inapunguza umbo la picha, haipunguzi baiti zake. Picha ya upana wa pikseli 4000 iliyobanwa kwenye kioo cha 360 inamla msomaji bando lote la picha kubwa, bila yeye kuona uzuri wake. HTML, lugha ya kuandikia kurasa zenyewe, ina srcset, inayotaja matoleo kadhaa ya picha moja, kivinjari kikachagua linalokitosha.

Kompyuta nayo isisahaulike, kwa sababu siku hizi kosa limegeukia upande wa pili: ukurasa wa simu unatandazwa kwenye skrini pana, mstari mmoja ukiwa na maneno arobaini, na jicho likirudi kushoto halijui liangukie mstari upi. Weka ukomo wa upana wa aya, nafasi inayobaki iachwe wazi.

Kujaribu si kazi ngumu. Kwenye Firefox, Ctrl, Shift na M kwa pamoja hufungua skrini ya majaribio unayoweza kuibana upendavyo. Kisha tafuta simu ya bei ya chini uijaribu tovuti kwa data, si kwa Wi-Fi ya ofisini. Na ukiwa kwenye kompyuta yenye dirisha la pikseli 1280, kuza ukurasa hadi asilimia 400. Masharti ya CSS sasa yanaona upana wa 320, na ukurasa unapaswa kuhamia kwenye safu moja ya simu. Mtu mwenye uoni hafifu, aliyekaa mbele ya kompyuta kubwa, anausoma hivyo kila siku.