Kuhariri riwaya hakuanzii kwenye herufi

"Kaka, riwaya yangu imekwisha. Naomba unipitishie makosa madogo madogo ya herufi, Ijumaa inakwenda kwa mchapaji." Ujumbe wa namna hii huja na faili ya kurasa mia mbili na ushei, iliyoandikwa kwa jasho la kweli, na ndani yake mtu aliyezikwa sura ya tano anapokea simu sura ya kumi na moja. Unaweza kunyoosha kila herufi ya muswada huo na bado ukabaki muswada ambao haujahaririwa.

Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, basi najibu hapa. Kilichokwisha ni rasimu ya kwanza. Riwaya ya maneno 60,000, kwa mtu mwenye kazi nyingine ya kumlipia kodi ya nyumba, huchukua miezi mitatu hadi minne akipata maneno 700 kwa siku, siku tano au sita za wiki. Kuiandika upya huchukua muda kama huo, na mara nyingi huzidi. Anayeandikia kampuni ya uchapishaji ana mhariri wa kumrudishia muswada. Sisi tunaojichapishia wenyewe hatuna, kwa hiyo kazi ya mhariri ni yetu pia, na ndiyo inayokula sehemu kubwa ya maisha ya uandishi.

Rasimu ya kwanza sitaisemea sana. Kaa saa ile ile kila siku, simu iwe chumba kingine, usirudi nyuma kupamba sentensi za jana. Ukikwama kwenye jina la mtaa au nauli ya mwaka fulani, weka alama ## uendelee, alama hizo utazitafuta baadaye. Kila ukimaliza kazi ya siku, hifadhi nakala yenye tarehe kwenye flashi na nyingine ujitumie kwa barua pepe. Flashi hufa bila kuaga.

Ukimaliza rasimu yote, uache muswada upumzike. Wapo wanaosema wiki sita kana kwamba zimepimwa. Mimi nina mashaka na hesabu hiyo. Wiki tatu humtosha anayesahau haraka, na yupo ambaye miezi miwili haimtoshi kwa kuwa bado anasikia sauti za wahusika akiwa kwenye daladala. Kipimo ni kimoja: fungua ukurasa wowote wa katikati. Ikiwa unajua sentensi inayofuata kabla jicho halijaifikia, funga.

Usomaji wa kwanza baada ya hapo ni wa kusoma tu. Ukiweza kuchapa kwenye A4, mistari ipishane nafasi mbili, maneno 60,000 yatakupa kurasa kama 240. Gharama ikikushinda, badilisha fonti, geuza faili iwe PDF, usomee kwenye simu. Muhimu ni muswada uonekane mgeni machoni pako. Usome kwa siku mbili au tatu mfululizo. Usisahihishe kitu. Kwenye daftari andika namba ya ukurasa na neno moja: "nachoka", "siamini", "nani?"

Halafu jedwali la matukio. Kila tukio mstari wake, na safu hizi: sura, siku na saa, mahali, nani wapo, tunaona kwa jicho la nani, huyo anataka nini, na mwisho wa tukio kimebadilika nini. Riwaya ya ukubwa huu huwa na matukio kati ya 50 na 70, hivyo kazi ni ya siku nne au tano za kuchosha. Watu huikimbia. Ndiyo inayofichua yote. Safu ya mwisho ikikosa jibu, tukio hilo linaunganishwa na jingine au linafutwa, hata kama ndilo lenye sentensi tamu kuliko zote.

Safu ya siku na saa nayo huumbua. Utakuta mimba ya miezi kumi na mitatu, au masika ya Septemba. Utakuta riwaya ya mwaka 2003 ambamo kijana anamtumia mama yake pesa kwa M-Pesa, ilhali huduma hiyo ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Utakuta mtu anapanda basi la mwendokasi Kimara, Dar es Salaam, mwaka 2012, miaka minne kabla mabasi hayo hayajaanza kubeba abiria. Anayeandika kuhusu mwaka 1998 akaiweka Ramadhani mwezi Julai amekosea kwa nusu mwaka: mwaka ule mfungo ulikuwa Januari, na mwingine ukaanza Desemba. Msomaji aliyeishi miaka hiyo hatakuandikia barua. Ataacha kukuamini tu.

Sasa lile linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu hakuna programu ya kusahihisha tahajia itakayokuonyesha, na karibu kila muswada ninaopokea unalo. Tazama hii:

Rehema alimfuata Zuhura jikoni. Alimwona amenuna. Alimwuliza kama alimwambia mama yake, akakana.

Nani kamwona nani? Nani kanuna? Mama ni wa nani? Tahajia ni safi, sarufi haina kasoro, na hakuna anayejua kinachoendelea isipokuwa aliyeandika. Kiswahili hakitenganishi mwanamke na mwanamume katika viambishi a- wala -m-, kwa hiyo wakiwapo watu wawili tu mahali pamoja, mume na mke au polisi na mwizi, viambishi hivyo peke yake havitoshi kuwatofautisha. Waliozoea kusoma riwaya za Kiingereza ndio huumia zaidi, maana kule mke na mume hutofautishwa na neno dogo tu, nao hudhani hapa kitatokea kitu kama hicho.

Wakiambiwa hivyo, wengi hukimbilia kurudia majina. Rehema alimwona Zuhura, Rehema akamwuliza Zuhura, Zuhura akamjibu Rehema. Utata umeondoka na pumzi ya msomaji imeondoka nayo. Wengine hukimbilia "mwanadada huyo" na "binti yule", lugha ya taarifa ya polisi.

Njia zipo, na huhitaji zote kwa pamoja. Ya kwanza ni nidhamu ya -ka-. Mnyororo wa vitenzi vyenye -ka- humfanya msomaji amshike mtenda yule yule aliyeanza naye: "Rehema aliingia, akavua viatu, akaketi." Ukitaka kubadilisha mtenda katikati ya mnyororo, mtaje, au kata sentensi uanze nyingine. Ile "akakana" ya hapo juu imerukia kwa mtu mwingine bila taarifa. Ya pili ni aya: mtenda mpya, aya mpya. Ya tatu, ambayo naipenda kuliko zote, ni kuwaachia wahusika wasemezane, kwa sababu watu wetu hawaongei bila kuitana. Wifi, shoga, mwanangu, bosi, shemeji, mzee. Mwito mmoja unamtambulisha msemaji, msemeshwa, na kilichopo kati yao.

Rehema alimfuata Zuhura jikoni, akamkuta amenuna.
"Wifi, umemwambia mama?"
"Mama yupi? Wako au wangu?" Zuhura hakugeuka. Aliendelea kukuna nazi. "Sijamwambia mtu."

Maneno yameongezeka machache tu. Utata wa "mama yake" uliokuwa kasoro umegeuka swali la Zuhura, na swali hilo limebeba ugomvi wao. Kazi hii ndiyo uhariri, na kwa maneno 60,000 inafanywa mamia ya mara.

Hata hivyo sitaki mtu atoke hapa na sheria ya kufuta kila utata. Mwandishi wa hadithi za upelelezi ana zawadi hapa: anaweza kumsimulia muuaji kwa sura ishirini, anaingia, anatoka, anafua shati lenye damu, na msomaji asijue ni mwanamume au mwanamke, bila mwandishi kulazimisha lugha hata kidogo. Tofauti ni kwamba huyu amekusudia.

Wakati ukiwa kwenye kiwango hiki cha sentensi, angalia pia salamu na umri. Binti anayemwambia kaka mkubwa "shikamoo" sura ya pili na "mambo" sura ya saba lazima kuna jambo limetokea katikati. Kama halikutokea, rekebisha.

Kuhusu kupunguza maneno, ile kanuni ya kukata asilimia kumi ya kila rasimu siikubali. Miswada mingine imekonda, inahitaji matukio mawili matatu zaidi. Iliyovimba kweli ni ile iliyozaliwa WhatsApp, ikiuzwa kipande kwa kipande kwenye makundi. Hadithi ya vipande 80, kila kipande maneno 1,200, ni maneno 96,000, na anayeiuza hivyo hudhani kitabu ni kuviunganisha tu. Ondoa kila "ilipoishia". Ondoa utambulisho unaorudiwa kwa ajili ya mteja aliyejiunga jana. Kisha shughulikia mwisho wa kila kipande: ile hali ya kumning'iniza msomaji, anayelipia kipande cha kesho, ilikuwa halali pale. Kwenye kitabu, mshtuko kila baada ya kurasa nne humchosha mtu mpaka haamini tena hatari yoyote. Acha mmoja kwa kila mitatu au minne, mingine iishe kwa utulivu. Mara nyingi utabaki na maneno 70,000 hivi. Na kama bado unaandika kwa vipande, usianze kuuza kabla hujawa na akiba ya vipande kumi, maana kilichokwisha kutumwa kwenye makundi hakirudi kufanyiwa marekebisho.

Wasomaji wa majaribio wanne au watano wanatosha, wasiwe ndugu zako. Usiwaulize kama wameipenda. Waulize waliiweka chini ukurasa gani, na wapi walirudi nyuma kusoma tena. Watatu wakitaja ukurasa mmoja, tatizo lipo, ila ninachokiona mara kwa mara ni kwamba chanzo chake kiko kurasa ishirini au thelathini kabla ya hapo. Dawa wanazopendekeza wenyewe sizitegemei sana. Na kuna wakati sijui kama marekebisho yanaponya au yanaua. Muswada ulioandikwa upya mara tano unaweza kuwa safi na ukawa umepoa. Ndiyo maana rasimu ya kwanza haifutwi kamwe, ili urudi kuchukua aya iliyokuwa na moto.

Baada ya yote hayo, ndipo herufi. Zije mwisho kwa sababu rahisi: ukizianza mapema unasahihisha maelfu ya maneno utakayoyafuta, na kila unapoandika upya unazaa makosa mapya. Soma kwa sauti. Kisha tafuta kwa kompyuta makosa unayoyajua kuwa ni yako: h iliyodondoka kwenye "hayupo" na "hela", h iliyoongezwa kwenye "anakuja", "ili" mahali pa "hili", r na l kubadilishana.

Kwa mchapaji sasa. Ukubwa wa A5 unabeba maneno kama 300 kwa ukurasa, hivyo maneno 60,000 ni kurasa 200. Mashine nyingi hukunja karatasi kwa mafungu ya kurasa 16, kwa hiyo panga 208. Zile nane zitameza kurasa za jina, hakimiliki na shukrani. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1, na kurasa 208 ni karatasi 104, basi mgongo wa kitabu utakuwa kama milimita 10. Msanifu asimalize jalada kabla idadi ya kurasa haijatulia, la sivyo jina lako litaangukia pembeni ya mgongo. Ukingo wa ndani upewe milimita 20, maana gundi humeza maneno. ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, kwa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, kwa Kenya na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Kitabu cha karatasi na cha kielektroniki kila kimoja kina namba yake. Namba hiyo hailindi hakimiliki. Hakimiliki huzaliwa unapoandika, na usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au KECOBO, ya Kenya, hukupa ushahidi ukifika mahali pa kubishana.

Usichapishe nakala 500 moja kwa moja. Dai nakala moja ya mfano, iliyokatwa na kugundishwa kama kitakavyouzwa, uisome yote ukiwa na kalamu nyekundu. Angalia namba za kurasa, sura zinazoanzia mahali pasipo pake, mstari mmoja uliobaki peke yake juu ya ukurasa. Salio la malipo ya mchapaji libaki mfukoni mwako mpaka umefika ukurasa wa 208.