Mgomba wa kesho, na mtori wake

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kuzalisha aina mpya za migomba hapa Arusha, huniuliza: hii teknolojia ya kuhariri jeni, yaani kubadilisha sehemu ndogo ya vinasaba vya mmea, si itaumaliza ugonjwa wa mnyauko? Itasaidia, ila pengine si ndiyo itakayotangulia.

Ndizi tunazokula hazina mbegu. Mgomba hutoa chipukizi, nalo huhamishiwa kihamba cha jirani, ndiyo maana migomba ya mshare (ndizi yetu ya kupika) ya Machame na Meru inafanana mno kwa vinasaba. Ugonjwa ukiuweza mmoja, huenda ukaiweza yote. Gros Michel, iliyotawala biashara ya ndizi duniani hadi miaka ya 1950, iliangushwa hivyo na fangasi wa mnyauko wa Panama. Ikaja Cavendish. Sasa aina nyingine ya fangasi huyo, TR4, inaiua hiyo pia, na mwaka 2013 iligunduliwa kwa jirani zetu wa Msumbiji. Akishaingia udongoni hukaa miongo, na hakuna dawa ya kupulizia itakayomtoa.

Tukirudi kwenye kuhariri. CRISPR, iliyowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020, hutumia protini inayokata vinasaba pale unapotaka. Kwenye mpunga, kazi ikiisha unachavusha tena, kisha unachagua miche isiyobeba jeni ya protini hiyo uliyoingiza. Mgomba, ambao ni nadra kutoa mbegu, haukupi nafasi hiyo. Itabidi uingize protini yenyewe bila jeni yake, kwenye seli moja iliyovuliwa ukuta, halafu uikuze seli hiyo mpaka iwe mche. Hapo ndipo kazi ilipo.

Mimi naweka matumaini kwanza kwenye kitu kisichovuma magazetini: kusoma vinasaba vya mche ungali mdogo. Miche hiyo hutoka kwenye mbegu chache tunazozipata kwa kuchavusha aina moja ya mgomba na nyingine. Uchavushaji bado ni wa mkono, asubuhi mapema, mtu yuko juu ya ngazi. Mkungu mzima unaweza kutoa mbegu chache tu, au usitoe hata moja. Nazo haziaminiki udongoni, kwa hiyo tunazipasua chini ya darubini na kutoa kiinitete: kidogo, cheupe, umbo lake kama uyoga. Ukikikwaruza, umekipoteza. Kikishakua kwenye chupa, zamani ungesubiri miaka shambani uone kama kinastahimili ugonjwa. Jenomu ya ndizi, yaani ramani ya vinasaba vyake vyote, ilichapishwa mwaka 2012, na leo kipande cha jani kinatuwezesha kutupa miche mingi mapema.

Ambacho jani halijaweza kutuambia ni kama ndizi itafaa kwa mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Februari 2024 Australia iliidhinisha Cavendish iliyotiwa jeni ya ndizi mwitu inayozuia TR4. Hatua kubwa, lakini ile ni ndizi ya kuliwa mbivu, haina habari na sufuria. Yetu inaweza kushinda kila ugonjwa, kisha, ikipikwa na nyama, ndizi yenyewe ikagoma kulainika. Kina mama wanaotuonjea wakisema hii si mshare, tunaing'oa.