Uwakala wa Bima kwa Wenye Biashara ya Nyumba na Viwanja

Miongoni mwa maswali yanayowafikia wasimamizi wa soko la bima nchini Tanzania, yapo yanayotoka kwa madalali wa nyumba na kampuni zinazosimamia majengo ya kupangisha, ambao wanataka kufungua uwakala wa bima katika ofisi zao zilezile. Nia hiyo inastahili kuungwa mkono, kwa kuwa anayemkabidhi mtu funguo za nyumba yuko mahali pazuri pa kumkumbusha juu ya moto, mafuriko na wizi. Tatizo ni dhana kwamba bima ni huduma ya nyongeza, inayoweza kuanzishwa kama mtu anavyoanzisha huduma ya gari la kuhamisha vyombo.

Sheria ya Bima ya mwaka 2009, Sura ya 394, hairuhusu mtu yeyote kufanya kazi ya uwakala wa bima bila kusajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA). Jina la biashara lililosajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), namba ya mlipakodi na leseni ya udalali wa nyumba havichukui nafasi ya usajili huo. Wapo wanaodai kwamba wao hawauzi bima bali huwaelekeza wateja tu. Mtu anayejaza fomu ya maombi, anayetaja bei, anayepokea fedha na kulipwa kamisheni anafanya kazi ya wakala, kwa jina lolote atakalolitumia. Jambo hili limeelezwa mara nyingi, na halipaswi kuendelea kuwa hoja.

Mwombaji huanza kwa kukubaliana na kampuni ya bima iliyosajiliwa, huhakikisha kwamba anayo elimu ya bima inayotambuliwa, au anaye mtumishi mwenye elimu hiyo, kisha huwasilisha maombi kwa Mamlaka na kusubiri majibu. Barua ya kampuni ya bima ya kukubali kufanya naye kazi si usajili, na kutundika bango kabla ya usajili kutoka ni kosa. Usajili una muda wake wa kuisha, na unapoisha bila kuhuishwa, kazi husimama siku hiyo. Aidha, wakala huiwakilisha kampuni ya bima, tofauti na dalali wa bima ambaye humwakilisha mteja na husajiliwa kwa masharti mengine. Kwa hiyo wakala asimwambie mwenye nyumba kwamba anamtafutia bima kwa niaba yake bila kuegemea upande wowote.

Wenye wabia wa kigeni wanapaswa pia kuisoma kwa makini Amri iliyotolewa Julai 2025 chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, ingawa utekelezaji wake hauko mikononi mwa Mamlaka. Amri hiyo inawazuia wasio raia kufanya udalali au uwakala wa biashara na wa mali isiyohamishika. Asiye raia anayeikiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Raia anayemsaidia, kwa mfano kwa kumwazima jina lake, anakabiliwa na faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3.

Eneo ambalo ujuzi wa dalali unaweza kumnufaisha mteja au kumwumiza ni thamani ya nyumba. Dalali anajua bei ya soko, lakini bima ya moto hukatwa kwa gharama ya kulijenga upya jengo. Nyumba iliyouzwa shilingi milioni 200, ikiwa kiwanja peke yake kina thamani ya milioni 120, haipaswi kukatiwa bima ya milioni 200, kwa sababu ardhi haiungui. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Jengo la milioni 100 likikatiwa bima ya milioni 60 ili ada ya bima ipungue, kisha moto wa jikoni ukaleta hasara ya milioni 20, mikataba mingi hulipa kwa uwiano wa bima na thamani ya jengo, yaani asilimia 60 ya hasara, ambayo ni milioni 12, na milioni 8 zilizobaki atazibeba mwenye nyumba. Hapo ndipo kampuni huitwa matapeli, ilhali sharti hilo limo katika mkataba ambao wakala alipaswa kumsomea mteja kabla hajatia saini. Panapokuwa na shaka, aitwe mthamini aliyesajiliwa.

Mikataba ya bima ya moto kwa kawaida pia husitisha kinga nyumba inapokaa tupu kwa zaidi ya siku 30, isipokuwa kampuni imearifiwa na kukubali. Dalali ndiye anayejua nyumba ipi imekosa mpangaji tangu miezi miwili iliyopita, na ipi imegeuzwa kutoka makazi kuwa stoo ya magodoro. Akishakuwa wakala, kunyamaza si hiari yake tena. Wapangaji nao waelezwe wazi kwamba bima ya jengo aliyokata mwenye nyumba haigusi vyombo vyao.

Fedha za ada ya bima zisichanganywe na kodi ya pango, hata kwa siku moja. Kinga haianzi kabla ada haijalipwa. Wakala anayeikalia ada hadi mwisho wa mwezi anamwacha mteja akiamini ana bima wakati huenda hana. Vilevile, nakala ya kitambulisho na namba ya simu zilizochukuliwa kwa ajili ya mkataba wa upangaji haziwezi kutumika kuuza bima bila ridhaa ya mhusika, kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Wala mpangaji asinyimwe funguo kwa kuwa amekataa kununua bima katika ofisi hiyo.

Mwananchi aliyeuziwa bima anaweza kuhakiki uhalali wake katika TIRAMIS, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka. Asiporidhika na namna dai lake lilivyoshughulikiwa, aanze kwa kuiandikia kampuni ya bima yenyewe, atunze nakala ya barua na stakabadhi ya malipo, kisha alifikishe shauri lake kwa Mamlaka au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.