Tumekusamehe, ila daftari lete

Kazi yangu ni usuluhishi. Mashamba, mirathi, vikoba, wenyeviti waliogombana na wananchi wao, kwa hiyo samahani nimezisikia za kila aina na siku hizi mtu akifungua mdomo tu najua hii ni ya moyoni au ni ya kuokoa kiti. Juzi kijana mmoja kaniuliza, mzee, hivi kiongozi akitudanganya halafu akaomba radhi si tumsamehe tu yaishe? Nikamwambia ngoja nikupe ya Waingereza kwanza, maana za kwetu tukianza chai itapoa.

Tarehe 22 Machi 1963 John Profumo, waziri wa vita kwenye serikali ya waziri mkuu Macmillan, alisimama bungeni London akasema hakuna lolote baya kati yake na binti mmoja anaitwa Christine Keeler. Uongo mtupu. Walikuwa na uhusiano mwaka 1961, binti ana miaka 19, na huyohuyo binti alikuwa anajuana na afisa wa ubalozi wa Wasovieti, Yevgeny Ivanov, na wakati wenyewe ni wa vita baridi, yaani we fikiria. Jamaa akatishia na kumshtaki yeyote atakayerudia maneno hayo nje ya bunge. Miezi miwili na ushee baadaye akaenda mapumziko Venice na mkewe, huko ndo akamtobolea ukweli, wakarudi, tarehe 5 Juni akaachia uwaziri na ubunge vyote.

Mi kinachonivutia ni baada ya hapo. Hakuzunguka kwenye maredio kuomba asamehewe. Alienda Toynbee Hall, taasisi ya kusaidia maskini mashariki ya London, akaanza na kazi za kuosha vyombo, bure, na akabaki nao miaka na miaka mpaka uzeeni. 1975 akatunukiwa CBE, nishani ya heshima ya Uingereza, 2006 akafariki na miaka 91, na ile skendo hakuwahi kuizungumzia hadharani. Watu walimsamehe, na mimi sidhani ni kwa sababu ya vyombo, vyombo hata nyumbani tunaosha. Walimsamehe kwa sababu walimwangalia mwaka wa kwanza, wa kumi, wa ishirini, wakaona huyu mtu hakuna kiti anachokitafuta.

Ila kuna kitu kwenye hii stori huwa kinanikaba. Keeler alihukumiwa kifungo cha miezi 9 mwaka uleule, kwa kudanganya mahakamani kwenye kesi nyingine. Stephen Ward, tabibu wa mifupa aliyewakutanisha, alimeza vidonge kesi yake ikiwa inaelekea mwisho, akafa. Waziri aliyedanganya bunge zima hakulala lupango hata usiku mmoja, maana maneno ya bungeni mahakama haiyagusi. Sasa nani alimwomba nani msamaha hapo? Wanaomsifia Profumo hiki kipande wanakiruka.

Haya, njoo kwa Boris Johnson, wakati huo waziri mkuu wa Uingereza. Desemba 2021 analiambia bunge lilelile kwamba masharti ya korona ofisini kwake yalifuatwa. Kumbe watu walikuwa wanafanya hafla humo wakati wa katazo, polisi wakaja kutoa faini 126, moja ikiwa yake mwenyewe. Januari 2022 aliomba radhi, lakini sikiliza ilivyokaa, ati hafla mojawapo, ya bustanini, aliingia akiamini ni shughuli ya kikazi. Samahani ya namna hii imeachiwa mlango wa uani wazi. Halafu tarehe 22 Machi 2023, miaka 60 kamili toka siku ya Profumo, akashika Biblia mbele ya kamati ya bunge akaapa kwamba hakudanganya. Kamati ikaona alilipotosha bunge kwa makusudi, wabunge 354 wakaikubali ripoti, 7 wakaikataa, na mwenyewe alishajiondoa ubunge siku chache kabla huku akilalamika kaonewa.

Sisi tuliopita madrasa tulifundishwa toba ina masharti: uache, ujute, uazimie kutorudia, na kama kuna haki ya mtu umrudishie. Hilo la nne ndo wanasiasa wanalikimbia, maana haki ya mwananchi aliyedanganywa ni kile alichokupa kwa kukuamini, na alichokupa ni kiti.

Kuna kijiji niliitwa kusuluhisha, sikitaji. Mwenyekiti alikuwa anawaambia watu mwaka mzima kwamba hela ya pampu ya maji iko njiani, kumbe ilishafika na ilishaliwa. Kikao chini ya mwembe, mwenyekiti akapiga magoti, akalia, na nyie nawaambia alilia kweli, hata mi nilitaka kufunga shauri palepale. Akanyanyuka bibi mmoja, akafunga kanga vizuri, akasema, "Mwanangu inuka, sisi tumeshakusamehe. Ila daftari lete."

Daftari akalitoa, akapewa mama mmoja aliyekuwa kimya kikao kizima. Hela alirudisha kwa mafungu, ilichukua misimu miwili ya mahindi. Duka lake bado lipo pale njia panda na watu wananunua kama kawaida, hata mi nikipita hununua vocha kwake. Chenji naihesabu.