"Sijawahi kuandika programu, niache kozi?"

Wiki hii wamenijia tena. Mwanafunzi anabisha hodi, anakaa ukingoni mwa kiti, na kabla sijamuuliza jina anasema: "Mwalimu, nataka kuacha kozi ya utangulizi wa kompyuta. Wenzangu wameshajua kuandika programu, mimi sijawahi." Naisikia kauli hii kila muhula na bado inaniuma, kwa sababu wengi wanaoitoa ndio hasa ningependa wabaki.

Kozi ya utangulizi inaanzia mwanzo. Ile ya Chuo Kikuu cha Harvard iitwayo CS50 inajulikana kwa ugumu wake, lakini takriban theluthi mbili ya wanaoichukua hawajawahi kusoma somo la kompyuta. Jirani yako anayetaja lugha tano za programu amekutangulia kidogo tu. Nimewaona wengi wa namna yake wakiteleza katikati ya muhula, maana walizoea kunakili msimbo, yaani maandishi ya programu, bila kuuliza kwa nini unafanya kazi.

Ukitaka kujipima, chukua karatasi na kalamu, kompyuta iache kando. Mtu anakusomea namba kumi, moja moja, nawe unaruhusiwa kukumbuka namba moja tu. Andika maelekezo ya kupata iliyo kubwa kuliko zote. Yaandike kwa ajili ya mtendaji anayetii kila neno na asiyekisia chochote.

Wengi huandika: "Anza na sifuri. Ukisikia namba kubwa kuliko unayoikumbuka, shika hiyo mpya." Sasa wasomee namba hasi tupu: -4, -9, -2 na kuendelea. Maelekezo yao yatatoa 0, namba ambayo hakuna aliyeisoma! Dawa yake ni kuanza na namba ya kwanza iliyosomwa.

Kulipata jibu mara ya kwanza hakunisisimui sana. Namtafuta yule anayeshtuka, akarudi kwenye maelekezo yake, akayafuata kwa kidole mstari kwa mstari hadi akaona yalipompoteza. Huyo yuko tayari. Anayenijibu "lakini nani atasoma namba hasi?" ana safari ndefu zaidi, kwa kuwa muhula mzima tutahangaika na yale ambayo hakuna aliyeyatarajia.

Jaribu na hili, programu ya mistari mitatu. Mstari wa kwanza: x = 5. Wa pili: y = x. Wa tatu: x = x + 2. Je, y ni ngapi? Ni 5. Aliyesema 7 amedhani alama ya = inazifunga x na y pamoja, kama kwenye aljebra. Katika Python, mojawapo ya lugha za programu, alama hiyo inasema: thamani iliyo kulia ipe jina lililo kushoto, sasa hivi, basi. Ukishaelezwa hivyo ukaweza kufuatilia mistari mingine mitano peke yako, njoo darasani.

Wapo pia wasio na hofu hata chembe: "Niko kwenye simu kutwa, kompyuta itanishinda nini?" Simu inakuficha mahali faili zinapokaa. Hao ndio nawakuta wiki ya kwanza wakisaka kazi waliyoihifadhi bila kujua iko folda gani, au wameandika programu kwenye Word na wanashangaa haiendeshwi. Word huhifadhi maandishi pamoja na mapambo yake, na mara nyingi hugeuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa za kupinda, ambazo Python huzikataa. Jifunze kuunda folda, kuhamisha faili, kufungua faili zilizobanwa (.zip) na kutofautisha faili ya maandishi matupu (.txt) na ya Word (.docx). Ni kazi ya alasiri moja, ifanye kabla ya muhula.

Hesabu? Aljebra ya msingi na kugawanya kwenye baki (17 kwa 5 ni 3, baki 2) vinatosha kwa mazoezi mengi ya mwanzo. Vyuo vingine vina masharti zaidi, kwa hiyo soma ya kwako. Kasi ya kuchapa haina uzito wowote. Kompyuta ya bei kubwa nayo hivyo hivyo.

Na ukiniambia umetazama video zote ukaelewa, nitakuomba uifunge video na uandike programu ile ile kwenye ukurasa mtupu. Akili mnemba ikikuandikia, umeipima yenyewe.

Kitu kimoja tu hunifanya nimshauri mtu asubiri muhula mwingine: kukosa muda. Mazoezi yanakula saa nyingi kila wiki nje ya mihadhara, na hayafanyiki usiku mmoja kabla ya kukusanywa.

Mwanafunzi mmoja aliyenijia Jumatatu akitaka kuacha, nilimpa zoezi la namba kumi aende nalo nyumbani. Jana amerudi na maelekezo ya mistari minne, na swali: "Mwalimu, na kama hakuna namba hata moja iliyosomwa, nianze na nini?" Nimemwambia asiache kozi.