Je, Wajua Shairi la Kila Asubuhi Hunoa Nini Hasa?

Ukiuliza kwa nini watoto wakariri mashairi darasani, jibu huja upesi: kukariri kunanoa kumbukumbu. Mtoto akizoea kushika beti, eti atashika pia jedwali la kuzidisha, majina ya kaunti 47 za Kenya na tarehe za historia. Dhana hii inapendeza, na ndiyo inayofanya shairi likaririwe mara moja kwa muhula, lisifiwe, kisha lisahauliwe. Lakini haina msingi imara.

Mwanasaikolojia wa Marekani, William James, alijijaribu mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1890. Kwa siku 8 alikariri mishororo 158 ya shairi la Mfaransa Victor Hugo, akitumia wastani wa sekunde 50 kwa kila mshororo. Kisha akajitia mazoezini: dakika 20 na ushei kwa siku, siku 38, akikariri utenzi mrefu wa Kiingereza. Aliporudi kwa Hugo na kushika mishororo mingine 158, hakuwa mwepesi zaidi. Safari hii kila mshororo ulimchukua sekunde 57. Alieleza kwamba wakati huo alikuwa amechoshwa na kazi nyingine, na watu aliowaomba warudie jaribio hawakupata matokeo ya aina moja, kwa hiyo tusiligeuze kuwa sheria. Hata hivyo, wazo lake lina uzito: kukariri beti hizi kunakupa beti hizi, si kumbukumbu pana ya kila kitu.

Basi shairi la kila siku linanoa nini? Linanoa usomaji.

Anayejifunza baiskeli hushughulika na usukani, pedali na breki kwa pamoja, hata shimo lililo mbele asilione. Miguu ikishazoea pedali, macho yanapata nafasi ya kuangalia barabara, na baadaye ataitikia hata salamu bila kuyumba. Msomaji mchanga naye humaliza akili yake yote katika kuunganisha silabi: wa-zi-shu-sha. Afikapo mwisho wa mshororo, mwanzo umeshamponyoka. Akiusoma ubeti uleule leo, kesho na keshokutwa, silabi zinaanza kwenda zenyewe, na akili iliyofungwa kwenye herufi inakuwa huru kuuliza: nani anashusha nini, na mbona haraka?

Mwanasaikolojia wa elimu S. Jay Samuels, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliieleza mbinu hii ya kurudia matini fupi mwaka 1979. Yeye alishughulikia Kiingereza, ambacho tahajia yake inasumbua kuliko yetu. Mtoto anayesoma Kiswahili hutamka maandishi mapema, mara nyingi bila kuelewa. Kwake faida ya kutarajia iko zaidi katika mwendo, matamshi na maana.

Chukua ubeti huu, unaofaa gredi ya nne au ya tano:

Kumekucha ufuoni, mitumbwi imeshafika,
Omena tele ndooni, wazishusha kwa haraka,
Mama yupo mizanini, hesabu aziandika,
Amkeni majirani, soko limechangamka.

Kila kipande, yaani nusu ya mshororo, kina mizani 8, yaani silabi 8. Wapigishe watoto makofi, kofi moja kwa silabi, na kosa litajitokeza lenyewe. Wakifika "amkeni" wengi hupiga matatu, am-ke-ni, na nusu ya darasa inatangulia wenzao. M hapo ni silabi kamili: a-m-ke-ni, makofi manne. "Limechangamka" nayo ina sita. Nathari haikufichulii hayo, kwa sababu haina kipimo cha kuvunjika.

Matamshi nayo hujianika. Dholuo, lugha ya Wajaluo, haina sh wala z, kwa hiyo Kisumu, Siaya na Homa Bay utasikia "wasisusa" badala ya "wazishusha", na kususa ni kukataa kwa kununa, si kuteremsha. Nakuru, kwa wanaozungumza Kikuyu nyumbani, "tele" hutoka "tere". Usimkatize mtoto katikati ya mshororo. Kipande hicho kirudieni polepole kesho yake, darasa zima, bila kumtaja mtu.

Utaratibu wenyewe ni dakika 5 kwa siku, yaani dakika 25 kwa juma, pungufu ya kipindi kimoja cha dakika 35. Andika ubeti kwenye karatasi ya manila, herufi ndogo ziwe na kimo cha sentimita 3 hivi ili dawati la nyuma lione. Jumatatu mwalimu anausoma mara mbili, ya kwanza karatasi ikiwa imefunikwa ili wasikilize tu. Jumanne anasoma kipande kimoja kimoja nao wanakirudia, kisha makofi. Jumatano upande wa dirishani unasoma ukwapi (kipande cha kwanza cha mshororo), upande wa mlangoni unajibu kwa utao (kipande cha pili). Alhamisi funika neno moja katika kila mshororo, lakini usifunike lenye kina, yaani silabi inayofanana mwishoni mwa vipande. Kina ndicho kinachoongoza: mtoto akijua kipande lazima kiishie kwa "-ka", maneno ya kutafuta yanakuwa machache. Ijumaa karatasi inageuzwa, wawili wawili wanasikilizana wakiusema bila kuutazama, kisha kila jozi inatunga utao mpya wa mshororo wa nne.

Kufunika huko kuna sababu. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani Roediger na Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojaribu kukumbuka matini bila kuitazama walibaki na mengi zaidi baada ya juma moja kuliko waliosoma tena na tena.

Zoezi hili huharibika kwa njia chache zinazojulikana. Kubwa ni kuanza na istilahi za uchambuzi: tarbia, mtiririko, vina, kibwagizo. Hayo yana wakati wake, lakini mtoto anayehesabu vina Jumatatu hajausikia ubeti bado. Ya pili ni sauti ya pamoja inayoficha wasiosoma. Simama nyuma ya darasa utazame midomo. Anayefuata wenzake huchelewa kidogo katika kila neno, na huyo ndiye wa kukaa naye Ijumaa. Ya tatu ni maneno mageni kupita kiasi. Yakizidi matatu katika ubeti, chagua mwingine.

Saa nayo ina maana yake. Kakamega na Vihiga mvua hupenda kunyesha alasiri, na chini ya mabati hakuna atakayesikia kina wala mizani. Ufanye asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza. Ubeti wa juma lililopita usiutupe: utundike ukiwa umegeuzwa, na baada ya majuma matatu watoto wajaribu kuusema kwanza, ndipo uugeuze wajisahihishe.