Ulimi unaochezacheza hautulizwi kwa Artane

Mgonjwa ametumia haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili inayoziba dopamini, miaka minne. Sasa anatafuna ilhali hana kitu kinywani, ulimi unachomoza na kurudi. Hapo shuku diskinesia ya kuchelewa: misuli kujichezea yenyewe kwa sababu ya dawa. Na ushauri unatoka haraka: "Mwongezeeni Artane," yaani benzeksoli, dawa inayozuia asetilikolini. Jamani, hapana!

Striatamu, palidamu na nigra, viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo, haviamrishi misuli ya taya moja kwa moja. Mdundo wa kutafuna hutengenezwa kwenye shina la ubongo, kisha neva ya tano inalichezesha taya na ya kumi na mbili inauchezesha ulimi. Viini hivyo vya ndani vimeshika breki: GABA, kemikali ya kuzuia inayotoka kwenye nigra, inazuia muda wote, inaachia unapotaka kula au kusema. Dopamini, kemikali nyingine ya ubongo, ndiyo inayopima breki ilegee kiasi gani.

Artane ina mahali pake: distonia ya ghafla, yaani misuli kukaza na kupinda yenyewe. Huja ndani ya saa chache hadi siku tano tangu dawa ianze au dozi ipande. Mara nyingi ni kijana, na pengine alichomwa Plasil (metoklopramidi) 10 mg tu ya kuzuia kutapika, nayo pia huziba dopamini. Taya linabana au linagoma kufunga, shingo inapinda, macho yanapanda. Dopamini imezibwa, asetilikolini, kemikali inayovutana nayo, imebaki bila mpinzani. Hapo prometazini 25–50 mg ya sindano ya msuli inafaa, kwa kuwa nayo huzuia asetilikolini, kisha benzeksoli ya vidonge siku chache, maana haloperidoli bado imo mwilini.

Diskinesia ya kuchelewa ni habari nyingine kabisa. Huja baada ya miezi au miaka, na breki inaachia bila kuombwa. Ukizuia asetilikolini unazidi kuilegeza: ulimi unacheza zaidi, kinywa kinakauka, choo kinakuwa kigumu, mzee anachanganyikiwa. Benzeksoli ipunguzwe taratibu. Haloperidoli nayo usiikate ghafla, mchezo utazidi. Ukiipandisha utatulia kwa muda, lakini umeufunika tu. Tunafundisha kwamba vipokezi vya dopamini aina ya D2 vimekuwa vikali kupita kiasi. Maelezo hayo hayatoshi: mbona wengine wanaendelea kutafuna miaka mingi baada ya dawa kuachwa?

Kabla ya kuandika dawa, chungulia kinywani. Mwambie afungue kinywa, ulimi ulale chini, asiutoe. Ukijikunjakunja wenyewe, umeshapata dalili ya mapema. Kisha agusishe kidole gumba na kila kidole upesi upesi, sekunde 10 hadi 15, nawe tazama mdomo, si mkono. Na uliza meno: mzee aliyeng'olewa yote, au mwenye meno bandia yaliyolegea, hutafuna hewa hata kama hajawahi kumeza haloperidoli.